Sakafu ya mbao ya nje imekuwa nyeusi na inateleza baada ya masika: ioshwe vipi na ipakwe nini?

Msimamizi wa Ufukweni ameuliza:

Ndugu zangu, salaam.

Ninasimamia nyumba ndogo ya wageni kusini mwa Pangani, na mbele ya vyumba tuna sakafu ya mbao ya wazi inayotazama bahari, yenye ukubwa wa mita za mraba 48 hivi. Upande wa baharini imeinuka kutoka ardhini kiasi cha nusu mita, lakini upande wa nyumba haizidi kimo cha matofali mawili. Mbao zenyewe ni msaji wa unene wa sentimita mbili na nusu, na mwenye nyumba aliniambia kwamba zilipasuliwa kutokana na magogo ya shamba la Longuza kule Muheza, ingawa hana kumbukumbu kama ziliwahi kupakwa chochote tangu zilipopigiliwa.

Tangu masika yaishe, hali yake imeanza kunitia wasiwasi. Sehemu inayopigwa na jua imekuwa ya kijivu. Sehemu iliyo chini ya mkungu mkubwa imekuwa nyeusi yenye utando wa kijani, na asubuhi inateleza kiasi kwamba nimelazimika kufunga kamba ili wageni wasipite. Vyungu vya maua vimeacha alama nyeusi za mviringo, kila kichwa cha msumari kimezungukwa na doa jeusi, na kuna mahali pachache ambapo mtu akikanyaga ubao hubonyea. Mianya iliyo kati ya mbao imejaa majani ya mkungu na sindano za mivinje, na nimefikiria kuisafisha kisha kuiziba kwa silikoni ili uchafu na maji yasipate tena pa kuingilia.

Ninaomba kuelekezwa namna ya kuiosha bila kuiharibu, na kama nikishaiosha nipake vanishi, mafuta, au niiache kama ilivyo. Wageni wa Julai na Agosti wanakaribia, hivyo ningependa kazi iwe imekwisha kabla hawajafika.

Duka la Vifaa amejibu:

Dada, hiyo si kazi ya kukunyima usingizi. Kodi mashine ya presha kwa vijana wanaoosha magari, mwaga blichi ya klorini juu ya sehemu nyeusi, piga maji mpaka ubao utoe rangi yake, uache ukauke, kisha upake vanishi ya boti mikono mitatu. Silikoni nayo ni wazo zuri. Sakafu itang'aa na wageni wataipiga picha.

Randa na Msumeno amejibu:

Ndugu wa duka la vifaa ameeleza njia inayofanywa na wengi, na kwa wiki za mwanzo matokeo yake hupendeza kweli. Ila kwa sakafu iliyo ufukweni sikubaliani naye karibu katika kila hatua, na nitaeleza kwa nini.

Dada, kabla ya kushika ndoo, tenganisha kwanza mambo uliyoyataja, kwa maana kila moja lina chanzo chake. Ukijivu wa upande wa jua si ugonjwa. Mionzi ya jua huvunja lignini, yaani ile gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mti, kisha mvua huisafirisha lignini iliyovunjika pamoja na rangi yake, na zinazobaki juu ni nyuzi tupu. Tabaka hilo ni jembamba mno, na ubao wa msaji unaweza kukaa na kijivu chake miaka mingi huku ndani ukiwa mzima kabisa. Utando wa kijani na ule weusi ni mwani mdogo na ukungu wa juu juu, vitu vinavyoishi kwa unyevu, vumbi na majani yaliyooza. Haviuli ubao, lakini vinaweza kumvunja mgeni nyonga, kwa hiyo ulifanya vyema kufunga kamba. Alama za misumari hutokea chuma kinapokutana na tanini iliyomo ndani ya mti penye maji, na weusi wake ni uleule ambao zamani ulitengenezewa wino, ndiyo sababu hautoki kwa sabuni hata ukisugua mpaka jua litue.

Kinachostahili hofu ni huko kubonyea. Ubao huoza pale tu unapokaa na unyevu mwingi kwa muda mrefu; ubao ambao unyevu wake uko chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu hauliwi na kuvu za kuozesha, uwe wa mti gani. Chukua bisibisi nyembamba, udunge ubao kwa mshazari, kisha uinue. Ubao mzima hukataa, na ukikubali hutoa kibanzi kirefu chenye nyuzi. Ubao uliooza humeza ncha ya bisibisi na kukatika vipande vifupi vifupi visivyo na nyuzi. Dunga hasa kwenye kingo za mbao zenye rangi ya maziwa. Watu husifu msaji kwa kutooza, lakini sifa hiyo ni ya kiini chake cha rangi ya dhahabu, wala si ya ile sehemu nyeupe ya pembeni, ambayo huoza upesi kama mti mwingine wowote laini, na magogo ya mashamba yaliyovunwa yakiwa bado machanga huwa na sehemu nyeupe kubwa kuliko ya miti mizee.

Ukimaliza juu, lala kifudifudi uangalie chini kwa tochi. Moyo wa jambo lote uko huko. Sakafu ya nje hutunzwa kwa kuhakikisha kwamba maji yanayoingia yanapata njia ya kutoka, na hewa inapita chini yake usiku na mchana. Upande wa nyumba, ambako umesema kimo ni matofali mawili tu, ninashuku kwamba mchanga na majani vimejaa mpaka vinagusa mihimili. Kama ndivyo, mafuta ya aina yoyote utakayopaka juu ni sawa na kutwanga maji kwenye kinu.

Kwa sababu hiyohiyo ninakusihi usizibe mianya. Iliwekwa makusudi ili maji yateremke na ubao upate pa kujitanua unapovimba wakati wa masika. Nafasi ya milimita tano au sita ndiyo inayofaa. Ukiweka silikoni, maji yataingia tu kupitia nyufa ndogo zisizoonekana, kisha yatakosa pa kutokea, na mbao zikivimba zitasukumana mpaka zing'oe misumari. Safisha mianya kwa bamba jembamba la chuma au kwa mgongo wa kisu cha mezani, ukivuta uchafu juu badala ya kuusukuma chini ukalale juu ya muhimili.

Sasa kuosha. Anza kwa kufagia pakavu kwa fagio la chelewa. Kisha tafuta blichi ya oksijeni, yaani ule unga wa kuondolea madoa ya nguo ambao kwenye pakiti yake wameandika sodiamu pakaboneti. Ukiukoroga kwenye maji ya uvuguvugu hugeuka kuwa haidrojeni peroksaidi na magadi ya kufulia: ya kwanza huua mwani na ukungu, ya pili huyeyusha mafuta na uchafu. Gramu 50 au 60 kwa lita moja zinatosha. Lowesha ubao kwa maji matupu kwanza, mwaga mchanganyiko, uuache dakika 15 hadi 20 bila kuruhusu ukauke, sugua kwa brashi ya nyuzi za makumbi au ya plastiki ukifuata urefu wa ubao, kisha suuza kwa maji mengi. Koroga kiasi cha kutumia siku hiyohiyo tu, na usifunge mfuniko wa ndoo, kwa sababu mchanganyiko huo huendelea kutoa gesi. Brashi ya waya usiiguse, maana huacha vipande vidogo vya chuma ndani ya nyuzi, na vipande hivyo vikishika kutu utapata madoa meusi elfu badala ya yale uliyonayo.

Msaji ukioshwa kwa kitu chenye magadi unaweza kuwa na giza kidogo. Hapo, na kwenye alama za misumari na za vyungu, tumia asidi ya oksaliki, gramu 30 hivi kwa lita moja ya maji, ukiipaka kwa brashi na kuiacha dakika kumi na kitu kabla ya kuisuuza. Ni sumu, kwa hiyo vaa glavu na miwani, koroga nje penye upepo, na wafungie watoto na wanyama mpaka umalize kusuuza. Kama hujaipata, unga wa asidi ya sitriki wanaotumia watengeneza jemu husaidia kwa kiasi, ingawa kwa doa la zamani hautafua dafu.

Blichi ya klorini huondoa weusi haraka, hilo sibishi, lakini pamoja na weusi hula lignini, huacha nyuzi za juu zikiwa na manyoya, na huharakisha kutu ya misumari. Zaidi ya hayo, mtu akimwaga klorini leo na kesho akamwaga asidi juu ya mabaki yake, gesi ya klorini inayotoka inaweza kumdhuru mapafu. Katika nyumba yenye wafanyakazi wanaopokezana zamu, hatari hiyo peke yake inatosha kuniondolea hamu ya kuiweka stoo.

Mashine ya presha siikatai moja kwa moja. Zile za kuoshea magari mara nyingi huwa na nguvu kupita kiasi, nazo huchimba sehemu laini za ubao na kuacha mifereji ambayo baadaye hukaa maji na mwani. Kama ni lazima, ishushwe shinikizo lake lisizidi baa 80, tumia ncha inayotandaza maji kwa upana, ishike sentimita 30 kutoka kwenye ubao, na usiisimamishe mahali pamoja. Ninaposuuza mwenyewe hutumia bomba la bustani tu.

Kuhusu vanishi nitasema kwa ufupi: hutengeneza ngozi ngumu juu ya kitu kinachovimba na kusinyaa kila siku, ngozi hiyo hupasuka, maji huingia chini yake, na mwaka unaofuata utakuwa unakwangua badala ya kuosha. Vanishi ya boti imetengenezwa kwa ajili ya milingoti na milango, wala si kwa sakafu inayokanyagwa na miguu yenye mchanga.

Msimamizi wa Ufukweni amejibu:

Fundi wangu, nimekuelewa vizuri sana, na nimefanya ulivyoelekeza kuhusu bisibisi na tochi. Mbao tano zimemeza ncha, zote ziko chini ya mkungu, na zote zina ule weupe wa pembeni. Huku chini, upande wa nyumba, mchanga umejaa mpaka umefunika nusu ya muhimili mmoja, na juu ya muhimili huo kuna vijia vya udongo vya mchwa vinavyopanda kutoka ardhini. Mihimili ya upande wa baharini imekataa bisibisi kabisa.

Nina jambo jingine. Mzee mmoja mvuvi, ambaye hupitia hapa kuuza pweza, amenishauri niache unga wa dukani na kuosha sakafu kwa maji ya bahari, kisha nipake sifa, yale mafuta ya papa, kama wanavyopaka vyombo vyao. Anasema mashua yake ina umri mkubwa kuliko mimi na haijaoza. Je, ushauri huu una msingi, au ni mazoea tu?

Tanga Mbili amejibu:

Nimelelewa miongoni mwa mafundi wa majahazi wa kaskazini ya Unguja, kwa hiyo ninaomba kumtetea huyo mzee kabla mafundi wa nchi kavu hawajamcheka.

Anayoyasema kuhusu maji ya bahari ni kweli kwa chombo. Chumvi huzuia kuvu za kuozesha kustawi, na ndiyo sababu mabaharia huosha sitaha kwa maji ya bahari, na ndiyo sababu chombo mara nyingi huanza kuoza kwa juu na ndani, palipotuama maji ya mvua, kuliko chini kunakolowa bahari. Sifa nayo, yaani mafuta ya ini la papa, hupakwa mbao zilizo juu ya maji ili zisipasuke kwa jua, ilhali sehemu ya chini hupakwa deheni, ambayo ni chokaa iliyokandwa na shahamu, ili kuzuia chaza na minyoo ya baharini inayotoboa mbao. Ni elimu ya karne nyingi, na majahazi yaliyofika Omani na kurudi yalitunzwa hivyo.

Ila chombo na sakafu ya nyumba ni vitu viwili tofauti. Chombo tunakipiga kalafati kila ungio ili maji yasiingie, na kila baada ya muda hupandishwa pwani kikakaushwa na kupakwa upya. Sakafu ya dada yetu inatakiwa ipitishe maji upesi yaende zake. Chumvi iliyokauka juu ya ubao hunyonya unyevu wa hewa usiku, kwa hiyo sakafu iliyooshwa kwa maji ya bahari huamka ikiwa na umande kuliko ile iliyosuuzwa kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na misumari ya kawaida huliwa mara dufu. Kama maji baridi ni haba huko, osha kwa maji ya bahari ukipenda, lakini suuza ya mwisho iwe ya maji ya kisima yasiyo na chumvi. Na kuhusu sifa, sidhani kuna mgeni atakayekunywa kahawa juu ya sakafu iliyopakwa mafuta ya papa. Harufu yake inadumu, na inzi wote wa ufukweni watapata habari.

Mchwa wako wanatoka ardhini, hivyo dawa yao ya kwanza ni koleo. Ondoa mchanga mpaka muhimili uonekane wote na pabaki nafasi ya kupitisha mkono, kisha vunja vile vijia. Mchwa wa ardhini hawezi kukaa mbali na udongo wenye unyevu. Akikatiwa njia, aliyeko juu hufa. Kila nguzo ikae juu ya zege au jiwe, isiguse udongo, ili akijenga tena njia umwone.

Mkazi wa Usa River amejibu:

Ninaongeza neno kwa sababu dada atalazimika kubadilisha ule muhimili, na bila shaka atashauriwa anunue paini iliyotiwa dawa, ile yenye rangi ya kijani hafifu. Huku kwetu sakafu karibu zote za nje hujengwa kwa mbao hizo, na kwa muhimili unaokaa karibu na ardhi ni chaguo zuri kuliko msaji wenye weupe.

Hata hivyo, dawa inayotumika mara nyingi ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, ambao Marekani iliacha kuutumia kwa mbao za makazi tangu 2004. Ubao huo hautakiwi kuoshwa kwa blichi ya aina yoyote, iwe ya klorini au ya oksijeni, wala kwa asidi zilizotajwa hapo juu, kwa kuwa kemikali hizo zinaweza kuilegeza dawa au kuibadilisha ikawa sumu kali zaidi, kisha ikateremka na maji kwenye udongo. Mbao za dawa huoshwa kwa sabuni laini, maji na brashi, basi. Anayezikata avae barakoa, vumbi lake likusanywe, na vipande vilivyobaki visiende jikoni. Nimeona mahali wapishi wakivichochea motoni kwa sababu huwaka vizuri, na moshi wake una aseniki.

Kwa hiyo, dada, mafundi wakishaweka muhimili mpya, kazi ya kuosha kwa ule unga na asidi iwe imekwisha kutangulia, ili maji yake yasiulowanishe.

Randa na Msumeno amejibu tena:

Ninaafiki yote mawili, la sifa na la mbao za dawa. Utaratibu basi uwe huu: toa mchanga wa chini, ng'oa mbao tano pamoja na muhimili mbovu, osha sakafu iliyobaki, ndipo uweke vipya. Kwenye ncha zote zilizokatwa upya paka dawa ya kuzuia kuoza, kwa sababu ubao hunywa maji kwa ncha zake kwa kasi kubwa mno kuliko kwa mgongo wake, na uozo mwingi niliowahi kuutoa ulianzia kichwani mwa ubao, pale mbao mbili zinapokutana juu ya muhimili mmoja. Mbao mpya za msaji zichague mwenyewe kwenye uwanja wa mbao, ukikataa kila uliochanganya weupe, hata ukiambiwa weupe utafichwa na mafuta.

Usirudishe misumari. Kwenye mbao mpya tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu, na kwa kuwa uko baharini dai daraja la 316. Zile za daraja la 304, ambazo ndizo zinazouzwa zaidi madukani, hupata madoa ya kutu kwa upepo wa chumvi. Toboa njia kwanza kwa keekee, maana msaji mkavu hupasuka kwenye ncha. Misumari ya zamani ambayo bado imeshika iache ilivyo. Kuing'oa yote kwa ajili ya madoa utavunja mbao nzima.

Sasa swali lako la awali, kama upake mafuta au uache. Mafuta yasiyo na rangi hayazuii jua, kwa hiyo baada ya miezi michache ubao utageuka kijivu chini yake. Yanayozuia jua ni yale yenye rangi kidogo ndani yake. Mafuta ghafi ya kitani, ambayo wengi huyapenda kwa kuwa ni ya asili, hukauka polepole mno kwenye hewa yetu ya pwani na hugeuka chakula cha ukungu, hivyo ukipaka utapata sakafu nyeusi kuliko uliyonayo sasa. Kama utapaka, nunua mafuta ya mbao za nje yenye rangi na kinga ya ukungu, subiri angalau siku mbili za jua baada ya kuosha, kisha dondosha maji kidogo juu ya ubao. Yakizama upesi, ubao uko tayari kunywa. Yakibaki yamesimama, bado una unyevu au mafuta ya zamani. Piga msasa namba 60 au 80, usizidishe ulaini, kwani ubao uliosuguliwa mno haunywi. Anza umande ukishakauka na uendelee kwa kufuata kivuli, sio katikati ya jua la saa saba, ambapo mafuta hukauka juu kabla hayajaingia. Paka mkono mwembamba, subiri kama robo saa, kisha futa yote ambayo ubao umeyakataa. Yanayobaki juu hunata na kushika mchanga. Lita moja hutosha mita za mraba 10 hivi kwa mkono wa kwanza.

Matambara ya kufutia mafuta usiyakusanye kwenye ndoo wala usiyatupe yakiwa yamekunjwa. Mafuta yenye kitani hutoa joto yanapokauka, na rundo la matambara laweza kujiwasha lenyewe usiku pasipo mtu. Yatandaze nje moja moja mpaka yakauke na kukakamaa, au yazamishe kwenye maji.

Maoni yangu, ingawa najua hukuyatarajia, ni kwamba usipake kitu. Nusu ya sakafu yako iko chini ya mkungu na nusu iko juani. Mafuta yatadumu upande mmoja na kuharibika upande mwingine, nawe utakuwa na sakafu ya rangi mbili isiyomfurahisha mtu. Sakafu ya msaji iliyo safi, ya kijivu, yenye mianya iliyo wazi na hewa chini yake haihitaji chupa yoyote ya dukani. Tumia fedha hizo kubadilisha mbao, kununua skrubu nzuri, na kumlipa kijana wa kufagia kila asubuhi msimu wa majani. Osha kwa ule unga mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, ila juu ya muhimili mpya, ukiwa wa mbao za dawa, tumia sabuni laini na maji tu. Vyungu viinue juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite chini yake na uvihamishe mara kwa mara, na mikeka ikusanywe jioni.

Mkungu wenyewe usiukate, kwa sababu bila kivuli chake hakuna mgeni atakayekaa nje saa sita mchana. Pogoa matawi ya chini yanayozuia upepo wa kusi kupita juu ya sakafu, na yale yanayodondosha majani moja kwa moja kwenye kona ya nyumba, palipolundikana ule mchanga. Ukipata vipimo vya muhimili wa zamani, upana na kimo, viweke hapa nikuambie ukubwa wa kununua, maana mbao za uwanjani huuzwa kwa inchi na mara nyingi hupungua kidogo baada ya kupigwa randa.